Mtu wa Kipimo

Siku Védaste alipoingia chumbani bila kuinama, mkewe Denyse alicheka.

Kizingiti cha juu cha mlango ule kilikuwa chini, maana fundi aliyeujenga alikuwa mfupi na hakuwaza kwamba duniani wapo wanaume wengine. Kwa miaka mitatu ya ndoa yao Védaste alikuwa akiingia kulala huku ameinamisha kichwa kama mkwe anayesalimia ukweni. Akisahau, paji la uso lililia kwenye ubao, na jirani wa upande wa pili wa ukuta akampa pole. Jioni ile ya mwezi wa tano alipita wima, kikombe cha chai mkononi, akaketi kitandani akanywa.

"We! Umepita aje?" Denyse aliuliza.

"Nimepita tu."

"Haukuinama, cheri."

Védaste aliutazama mlango, akautazama tena. "Labda nyumba njo imepanda," alisema, wakacheka wote wawili hadi chai ikamwagika. Masikini, hiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja ndani ya chumba kile.

Denyse alikuwa na studio ndogo mjini Gisenyi, njia ya kwenda mpakani, akiwapiga picha za vibali akina mama wanaovuka kwenda Goma kuuza nyanya na samaki. Hiyo ilikuwa kazi ya mkono. Kazi ya moyo ilikuwa nyingine. Wageni hupiga picha ziwa likiwa buluu wakaondoka wameridhika. Yeye aliwapita, akapanda pikipiki na kamera yake kwenda kutafuta mahali ambapo watu wameitumbua ardhi: mashimo ya mchanga, mito iliyogeuzwa tope na wachimba madini, vilima vilivyokatwa vikabaki ngazi ngazi. Aliupenda ule uharibifu, tusimfichie. Aliona uzuri ndani ya kidonda, na mtu wa namna hiyo hujikuta siku moja akiomba kidonda kisipone kabla mwanga haujakaa sawa.

Ndiyo maana alifurahi sana kampuni moja ya mawe ilipomwita. Kampuni hiyo ilikuwa ikikila kilima cha Rukombe, upande wa Nyamyumba, na ilitaka picha za mwaka mzima: mahali palepale, saa ileile, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Jumamosi hiyo ni ya umuganda, watu wote wako kwenye kazi ya pamoja, mashine zimezimwa na vumbi limetulia. Denyse alichomeka chuma kwenye saruji ili stendi ya kamera isihame hata kidole kimoja. Alikuwa fundi kweli, hilo hatumnyimi.

Mhandisi wa machimbo, Kabera, alikuwa amekulia Tanzania na aliongea Kiswahili cha redioni. "Picha isiyo na kipimo ni pambo, dada," alimwambia. "Atakayeitazama atajuaje kama ukuta huu una mita tano au hamsini? Nisimamishie pale chini kitu ambacho urefu wake naujua."

Fimbo yenye rangi ingetosha. Wapimaji wote hutumia fimbo. Lakini Denyse alikuwa ameolewa na mwanamume mrefu, na mwanamke aliyeolewa na mrefu hakosi pa kulisemea.

"Bwana yangu iko na mita moja na makumi tisa," alisema. "Atasimama yeye."

Kabera akaandika kwenye fomu: *mtu wa kipimo, m 1.90*. Na tangu mwezi wa pili Védaste, karani mpole wa ofisi ya sekta, akawa anakwenda kusimama chini ya ukuta wa Rukombe, mgongo kwenye mwamba, mikono ubavuni, akimtabasamia mkewe kutoka mbali.

Baada ya ule mlango zikafuata suruali. Ya Jumapili ilianza kukanyagwa na visigino, Védaste akamlaumu dobi. Mikono ya koti ikafika kwenye vidole, akamlaumu fundi. Denyse alichukua utepe akampima ukutani: mita moja na themanini na tatu. Akapima tena, ikawa ileile.

Hospitali walimpiga picha ya mifupa na daktari akaisifu. Alisema mifupa ile ni ya kijana. Mchungaji alimwekea mikono kichwani, akampaka mafuta, akakemea mpaka sauti ikakauka, na Védaste akaenda nyumbani ameokoka vizuri na kupungua sentimita moja. Asubuhi mto wake ulikuwa na vumbi la kijivu. Shuka lilinuka jiwe lililogongwa, ile harufu ya moto usioonekana. Miguu ndiyo iliyokuwa ikiliwa, kutoka magotini kwenda chini, na kwa kuwa ngozi haikuliwa pamoja na mfupa, ilijikusanya kwenye vifundo kama soksi iliyolegea mpira.

"Inauma?" Denyse alimuuliza kwa sauti ya chini, akimsugua kwa maji ya vuguvugu.

"Hapana. Ingeuma ningejua iko nini."

Mwezi wa sita walikwenda machimboni kama kawaida. Hakuna aliyelihusisha hili na lile, hata utepe uliposhuka hadi mita moja na sabini na moja. Siku tano baadaye Kabera akapiga simu.

"Dada, mtu unayemsimamisha pale, ni yuleyule?"

"Ni bwana yangu. Juu ya nini?"

"Hesabu zimenigomea. Nikiupima kwa mumeo, ukuta unapanda. Mwezi wa nne umeongezeka nusu mita, wa tano karibu mita, huu mita moja na nusu. Na sisi pale chini hatujatia hata beleshi, tunakata kwa nyuma tu. Ukuta haukui, dada. Basi angalia kamera yako."

Denyse hakuiangalia kamera. Alifunga mlango wa studio, akazipanga picha tano kwenye kompyuta kwa mfuatano, ya mwezi wa pili hadi ya sita. Jiwe moja jeupe lilikuwa juu ya bega la Védaste hapo mwanzo. Sasa lilikuwa juu ya sikio. Akavuta picha karibu, na hapo ndipo alipokiona kile alichokuwa amekitazama miezi yote akidhani ni kivuli cha mwamba. Katika picha ya kwanza kilikuwa juu ya ukuta, rangi ya mawe, mtu aliyechuchumaa ukingoni. Mwezi wa tatu kilikuwa kimeshuka ngazi moja, mwezi wa nne nyingine. Mwezi wa sita kilikuwa kimeinama nyuma ya mumewe, na mkono wake mrefu ulikuwa umenyooshwa, kiganja kimelazwa bapa juu ya utosi wa Védaste, kama mzazi anavyompima mtoto mlangoni aone amekua kiasi gani.

"Mana we," alinong'ona.

"Hatuendi tena," alimwambia mumewe jioni ile. "Ile kilima iko na kitu. Haturudi."

Védaste alizivuta picha karibu, moja moja. "Bon," alisema. "Hatuendi."

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba Denyse alimdanganya Kabera kwamba mume ana malaria, akamdanganya na mkuu wa kitongoji, wakajifungia ndani. Asubuhi ya umuganda Gisenyi huwa kama mji uliohamwa. Maduka yamefungwa, pikipiki hazipiti, watu wote wako mitaani kwingine na majembe. Jua lilikuwa kali na safi. Walikaa kitandani wameshikana mikono, mlango umefungwa, na kwa saa nzima hakukuwa na sauti isipokuwa friji.

Saa nne, saa ileile ya picha, friji ikanyamaza.

Sauti ilianzia barabarani, kong, kong, nyundo juu ya jiwe, polepole, kama mtu anayetembea huku akigonga kila nyumba aone ni ipi yenye uwazi ndani. Ikapita kwa jirani, ikarudi. Kisha ikaanza kwenye ukuta wao, chini kabisa karibu na sakafu, ikapanda, kong, hadi kimo cha goti, kong, hadi kimo cha kiuno, na ilipofika kimo cha kichwa cha mtu mrefu ikatua.

"Usiseme kitu," Védaste alinong'ona.

"Sisemi."

"Mukono wangu, usiuachie."

Harufu ya baruti na jiwe bichi ilijaa chumbani ghafla hata macho yakatoa machozi, na vumbi likaanza kushuka kutoka darini, jepesi, kijivu, likitua juu ya nywele za Védaste na si mahali pengine popote, na Denyse akahisi mkono aliokuwa ameushika ukivutwa juu, bila papara, kama unavyomwinua mtoto aliyelala, akamwona mumewe, ambaye hakutaka kusimama, akisimama, akirudi nyuma hatua moja, mbili, hadi mgongo ukagusa ukuta na visigino vikajibana na kidevu kikanyooka, macho yakimtazama yeye, yakimwomba, na juu ya utosi wake zile nywele zikalala bapa chini ya kitu kisichoonekana, halafu kile kitu kikakandamiza, na kutoka ndani ya miguu ya mtu aliyempenda ikasikika sauti ya kokoto zinazomiminwa kutoka kwenye lori, na Denyse alivuta, alipiga kelele, aliuma hewa, akamkumbatia kiunoni na kujaribu kumwinua, na kadiri alivyomwinua ndivyo kokoto zilivyozidi kumiminika.

Saa tano pikipiki ya kwanza ikapita barabarani. Friji ikaanza kuunguruma. Védaste alikuwa ameketi sakafuni, analia kimya, miguu imenyooshwa mbele, na ngozi imejaa vifundoni mikunjo juu ya mikunjo. Denyse alimpima akiwa amelala kwa sababu hakuweza kusimama. Mita moja na sitini na nne.

Jumatatu alikwenda machimboni kumwomba Kabera wasimamishe kazi. Kabera alimsikiliza kwa adabu, akamshauri apumzike, akamuuliza kama picha za mwezi wa nane zitakuwepo. Alipokuwa akishuka kuelekea ziwani akilia waziwazi, mwanamke mzee aliyebeba beseni la samaki alimkatiza njia. Aliitwa Nyirasafari, na kabla ya samaki, enzi za usichana wake, alikuwa amevunja mawe Rukombe kwa nyundo.

"Mi nilikupigia makelele mwezi wa pili," alisema. "We ukanipungia mukono."

"Nilizani unataka picha, mukecuru."

"Picha ya nini? Nilikuwa nasema, toa mutu pale!" Alitua beseni, akashusha sauti, akauangalia mlima kwa pembe ya jicho. "Ile kilima iko na Mwenye. Hakuli nyama, hakunywi pombe. Anahesabu tu. Zamani tulikuwa tunatoa mawe muchana, jioni tunarudisha moja, anaona hesabu iko sawa. Na hapana kupima mutu kwa ule ukuta, hata mutoto. Mutu anapimwa siku moja tu, siku ya sanduku ya kaburi. Sasa we umemusimamisha bwana yako pale, ukamuonyesha Mwenye: hii njo kipimo ya kilima yako. Donc, kila mara banakata kwake, na yeye anakata kwa kipimo."

"Wamufukuze! Iko nani anaweza kumufukuza? Mupfumu, padri, mutu yeyote."

"Nani anafukuza mutu kwa nyumba yake?" Nyirasafari alimtazama bila huruma, au labda huruma yake ilikuwa imeisha zamani. "Banabadilisha kipimo tu. Mutu mwingine asimame. Na asimame kila mwezi, mama, kila mwezi. Asipomukuta, anakuja kumutafuta. Nazani ulishaona."

Denyse alijipangusa uso. "Na ile yenye ilishakatwa kwake, itarudi?"

"Kilima inarudi?" mzee aliuliza, akajitwisha beseni lake akaenda.

Usiku ule mume na mke waligombana kwa minong'ono. Védaste alisema yeye ameshakuwa mfupi, acha amalizie. Denyse alisema aliyeuleta msiba huu ni nani kama si yeye na majivuno yake? Mara moja maishani aliona aibu zaidi kuliko alivyoona uzuri, na aibu ikamfanya jasiri. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane Védaste alisimama nyuma ya kamera kwa kuegemea fimbo, na Denyse akatembea hadi chini ya ukuta, akageuka, akabana mgongo kwenye mwamba. Ulikuwa baridi ingawa jua liliuwakia. Alihisi pumzi ya vumbi shingoni. Alifumba macho akingoja kiganja utosini, lakini utosini hapakutua kitu.

Waliikagua picha usiku huohuo. Juu ya kichwa chake palikuwa peupe, ukuta mtupu. Asubuhi Védaste alikuwa na mita moja na sitini na nne, na wiki iliyofuata vilevile, na Denyse mita moja na sitini na mbili, sawa na siku aliyoolewa. Mwezi wa tisa akasimama tena, wa kumi tena. Kila asubuhi mume alimpima kwa penseli ukutani, na mstari ulianguka palepale. Vumbi likaisha kwenye mto wa kulalia. Védaste alikata suruali zake, akarudi ofisini akijikongoja, na watu wakamzoea, kwa sababu hakuna kinachozoeleka haraka kama shida ya mwingine.

"Labda anaheshimu mwanamuke," Védaste alisema siku moja.

"Labda amechoka," alijibu Denyse.

Mwezi huo wa kumi ndipo alipojua ana mimba. Alihesabu, akaona ilishika mwezi wa saba, katikati ya hofu yote ile. Védaste alicheza katikati ya sebule kwa miguu yake mibovu, akaanguka, akaendelea kucheza akiwa chini. Walikuwa wamepata kitu cha kukipendea kesho.

Kituo cha afya walimpima mwezi wa kumi na mbili. Muganga, mama mnene mwenye maneno matamu, alilaza utepe juu ya tumbo lake, akasema sentimita ishirini, mtoto ni mdogo kidogo lakini si neno. Mwezi wa kwanza Denyse alirudi. Muganga alilaza utepe. Akauondoa, akaulaza upya, akauangalia kama umekatika ncha.

"Kumi na nane," alisema. "Haiwezekani. Labda mara ile nilikosea."

"Na kama haukukosea?"

"Moyo unapiga vizuri, sikiliza. Yuko hai, yuko mzima, anacheza." Muganga alicheka kidogo, kicheko cha kujituliza. "Ila sijawahi kuona mutoto akirudi nyuma."

Denyse alikwenda moja kwa moja studio akafungua picha zake mwenyewe, zile alizokuwa amezikagua juu ya kichwa tu, mwezi kwa mwezi. Safari hii alianzia chini. Mwenye alikuwepo. Alikuwa amepiga magoti kando yake tangu mwezi wa nane, wakati Denyse mwenyewe hajui kama ana kitu tumboni, na kiganja chake Mwenye kilikuwa kimelazwa bapa, kwa uangalifu, juu ya tumbo lake. Waliosimama pale ukutani walikuwa wawili, na Mwenye alikuwa amechagua kipimo kidogo, ambacho hakingempa kazi.

Hakulia. Alihesabu. Zilibaki siku tisa kufika Jumamosi. Asipokwenda, atafuatwa; mtu mzima alipoteza sentimita saba kwa asubuhi moja, na mtoto mzima mzima alikuwa na sentimita ngapi? Akimwambia Védaste, Védaste angevaa viatu palepale akaenda kusimama, na cha kukata kilichobaki kwake kilikuwa kidogo. Alikaa hivyo, mikono juu ya tumbo, mpaka mlango uliposukumwa.

Alikuwa Cansilde, mjane aliyegonga kokoto kando ya barabara ya Nyamyumba, amekuja kupigwa picha ya kibali cha kuvukia. Mgongoni alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja aliyelala. Alisimama mbele ya pazia akijipangusa vumbi usoni, akiona haya, akiuliza kama kovu la paji litaonekana.

"Haitaonekana, mama," Denyse alisema.

"Mi sijawahi kuwa na picha yenye inaonyesha mwili yote," Cansilde alisema. "Niko na ya kichwa tu, ya karatasi za serikali. Dada yangu iko Masisi, miaka kumi hajaniona. Anauliza kama nilishazeeka."

Moyo wa Denyse ulisema neno moja, na tumbo lake likasema jingine, na huyo wa tumboni alipiga teke wakati uleule.

"Nitakupiga yenye inaonyesha yote," alisema. "Bure. Kila mwezi moja, uwe unamutumia dada yako. Iko pahali pa muzuri, kule machimboni, mwanga wa saa ine. Jumamosi ya mwisho."

"Yampaye inka! Bure?" Cansilde alishika mdomo, macho yakamjaa maji. Alimshukuru mara tatu, akamwombea yeye na kizazi chake. Kisha akapapasa mgongoni. "Na huyu nimubebe, apate na yeye picha?"

"Hapana," Denyse alisema, haraka mno. "Mutoto umuache nyumbani. Uje peke yako."

"Sawa, mama. Na nifanye nini ingine?"

Denyse alichukua daftari na kalamu. Akafungua droo akatoa utepe.

"Kwanza simama pale kwa ukuta," alisema, "nikupime."

Cansilde alimlaza mtoto kwenye benchi, akavua ndala, akabana visigino ukutani, na huku akitabasamu akajinyoosha ili aonekane mrefu kidogo zaidi.